Baiskeli Inayonukia Futari

"Wakazi wote wa Pongwe wanaarifiwa, kwa amri ya Jumbe, kwamba siku ya Jumamosi, tangu jua kuchomoza hadi adhuhuri, kuku, bata na mbuzi wote wafungwe ndani au wachungwe mbali na barabara kuu, kwa sababu baiskeli ya Eliudi Shekigenda itapita. Kuku atakayekanyagwa baada ya tangazo hili atahesabiwa kuwa amejitakia."

Tangazo hilo lilipigiwa mbiu mara mbili, Alhamisi jioni na Ijumaa baada ya sala, kwa sauti ileile inayotumika kutangaza kodi. Lilitiiwa kupita kiasi. Jumamosi, saa mbili asubuhi, hakuna kuku hata mmoja katika barabara ya Pongwe. Waliojaa ni wenye kuku.

Wamesimama pande zote mbili, kuanzia msikitini hadi duka la mwisho, na baadhi yao wamevaa kana kwamba wanamngoja Gavana.

Eliudi, ambaye wote hao wamemjia, ameketi chini mbele ya nyumba yake, mguu wa kushoto ameunyosha kama mtu anayesubiri kukandwa. Goti la mguu huo halikunjiki. Mkononi ana spana, na mbele yake imeegemezwa baiskeli nyeusi ambayo katikati ya fremu yake, mahali ambapo baiskeli za watu wengine zina hewa tu, imefungwa injini ndogo yenye ukubwa wa chungu cha uji.

Ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alizaliwa Maramba, katika nyumba ya Walutheri walioteremka kutoka milima ya Usambara kutafuta ardhi ya kulima. Ujana wake aliumalizia kwenye korona, kiwanda cha kuchambulia mkonge, ambako aliajiriwa kubeba, si kutengeneza. Injini alijifunza kwa kuchungulia juu ya mabega ya walioruhusiwa kuzigusa.

Kwa miaka minane sasa anabeba mikate. Huchukua mofa kwa Bwana Marhun, mwoka mikate wa mjini Tanga ambaye babu zake walitoka Omani, akaipeleka hadi kambi ya wafanyakazi wa mkonge iliyo mbele ya Pongwe, maili kumi na sita kutoka mjini. Mofa, kama msomaji ajuavyo, ni mkate usiosamehe. Ukitoka tanurini huliwa kwa furaha; ukipoa, hutafunwa kwa subira.

Miaka miwili iliyopita lori la mkonge lilimsukumia mtaroni, na tangu hapo goti limekataa pedeli. Mwendo wa saa mbili umekuwa wa saa nne, nusu yake akiisukuma baiskeli kwa miguu. Ramadhani ya mwaka jana futari ya kambi ilifika watu wakiwa wamekwisha simama kwenye tarawehe.

"Eliudi ni mtu wangu," asema Bwana Marhun, ambaye hajawahi kuonekana akiharakisha neno. "Lakini mteja hali uaminifu wa mchukuzi, anakula mkate. Nilimwambia wazi: Ramadhani hii ya 1958 mikate ikifika baridi, baada ya Idi njia nampa Uweso."

Njia hiyo humpa Eliudi kiasi cha shilingi hamsini kwa mwezi. Inalisha watu sita.

Ndiyo sababu, shamba moja la mkonge lilipouza vyuma vyake chakavu, Eliudi alitoa shilingi arobaini akanunua pampu mbovu ya kunyunyizia dawa. Pampu yenyewe aliitupa. Alichokitaka ni injini iliyokuwa ikiiendesha.

"Nilimwuliza kama imekuja na dawa yake," asema mkewe, Bibiana, ambaye ni mshonaji. "Nikasema kama tumekwisha kuwa wendawazimu, basi angalau tuue mbu."

Kazi ya kuifunga imechukua msimu mzima wa kiangazi. Vyuma vya kuishikilia vimetoka kwenye kitanda kilichovunjika. Kwenye spoki za gurudumu la nyuma Eliudi amefunga duara la mbao ya mvule alilolichonga mwenyewe, na ukanda wa mashine ya kale ya korona unazunguka kutoka kwenye injini hadi kwenye duara hilo. Kopo la samli limekuwa tangi la petroli. Bomba la moshi linapita chini ya keria, mahali linapokaa kasha la mikate, kwa hesabu kwamba joto lisilo na kazi lipewe kazi.

"Kaka Eli," anaita sauti kutoka kwenye umati, "hiyo inakubeba wewe, au wewe ndiye unayeibeba?"

Ni Uweso, mwenyewe. Ana miaka ishirini na minane, anapeleka ndizi mjini kwa baiskeli, na miguu yake inajulikana hadi Muheza. Hafichi kwamba njia ya mikate ameahidiwa.

"Leo tutajua, bwana Uweso," anajibu Eliudi bila kuinua kichwa. "Wewe rudi nyuma kidogo, usije ukahesabiwa pamoja na kuku."

Injini hii haiwashwi na mtu mwenye goti moja. Huwashwa kwa kusukumwa. Wa kusukuma hawakosekani. Wanaume sita wanaishika keria, wanakimbia, Eliudi anakaza ukanda kwa kuvuta mpini wa chuma, na injini inaguta. Umati unaguta nayo. Baiskeli inavuka duka la kwanza, inavuka la pili, inakohoa na kunyamaza mbele ya msikiti.

Plagi imejaa masizi. Injini za aina hii hutaka oili ichanganywe ndani ya petroli, na oili pekee inayopatikana Pongwe ni ile nzito ya malori. Eliudi anaisafisha plagi, anasukumwa tena, na safari hii anafika hatua chache mbele zaidi.

"Ukichoka kuisukuma nitakuazima yangu," asema Uweso. "Haina moto, lakini inakwenda."

Watu wanacheka, na kicheko hicho Eliudi anakijua: ni cha watu wanaotaka sana kitu kifaulu na wameanza kuogopa. Jumbe anatazama jua. Amri yake ya kuku inakwisha adhuhuri.

Hapo ndipo Bibiana anapopita katikati ya umati akiwa na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe.

"Tia haya."

"Haya ni ya kupikia, mama watoto."

"Cherehani yangu naitia haya siku zote, na haijawahi kulalamika. Hiyo yako ina daraja gani hata ichague?"

Eliudi anamwangalia mkewe, anaangalia chupa, anamwangalia Uweso. Anamwaga petroli yenye oili ya malori mchangani, anatia nyingine pamoja na mafuta ya nazi, anatikisa kopo la samli. Wanaume sita wanashika keria.

Injini inawaka, na mara hii haikohoi. Inavuka duka la kwanza, la pili, msikiti, la tatu. Watu wanaacha kusukuma kwa sababu hawaifikii tena. Jumbe anarudi nyuma na kofia yake mkononi. Bibi Muzna, mjane wa Kiarabu ambaye tangu afiwe hajatoa sauti hadharani, anapiga kigelegele kimoja kirefu na kuonekana kushangaa kwamba kimetoka kwake. Baiskeli inashuka hadi darajani, inageuka, na inapanda kilima. Inapanda. Kilima hicho Eliudi hajakipanda akiwa amekaa kwa miaka miwili.

"Nililiangalia goti langu," anaeleza baadaye. "Halikuwa na kazi yoyote. Limekaa tu kama abiria. Upepo ukaingia ndani ya shati, nikasema, Eliudi, leo na wewe umepanda kitu."

Asubuhi hiyo alikwenda na kurudi hadi petroli ikaisha. Hakuna kuku aliyekufa. Hakuna pia mtu aliyetaja harufu ya mafuta ya nazi yanayoungua, na kosa liliingilia hapo. Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho ya Shaaban, siku ya kuvunja jungu, watu wanapokula kwa bidii kwa ajili ya mwezi wa njaa unaokuja. Kila ua wa Pongwe ulikuwa na karai motoni. Kaimati, samaki, sambusa: Pongwe nzima ilinukia mafuta ya moto. Katika wingu hilo, baiskeli moja inayokaanga haikuweza kutambulika.

Mwezi ulipoandama, makarai yalizimwa mchana. Baiskeli haikuzimwa.

Siku ya kwanza ya mfungo mikate ilitoka tanurini saa kumi alasiri. Vijana wa Bwana Marhun walimsukuma Eliudi kwa shangwe hadi injini ikashika, na yeye akaupa mji kisogo. Masika yalikuwa yameanza. Barabara ilikuwa imelowa na kung'aa, mkonge umesimama pande zote mbili, na Eliudi, kwa maneno yake mwenyewe, aliimba tenzi tatu za kanisani bila kujisikia, kwa sababu ya kelele. Alifika kambini jua bado liko juu ya miti.

Bi Asmahani, ambaye hupokea mikate kwa niaba ya kambi na kuigawa, hakuamini macho yake. Alitia mkono ndani ya kasha akautoa haraka.

"Moto," alisema. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakarudia neno hilo hadi likafika nyumba ya mwisho.

"Bwana, mwaka jana tulikuwa tukiichovya kwenye mchuzi na kuisubiri," anakumbuka Bi Asmahani. "Mwaka huu imefika moto, na tena ina kiharufu cha nazi. Wapo wanaodhani Bwana Marhun amebadilisha unga."

Kambini, basi, kulikuwa na furaha. Pongwe kulikuwa na jambo jingine.

Baiskeli hupita Pongwe yapata saa kumi na moja kasoro, saa ambayo mfungaji hana ugomvi na mtu ila na jua. Wakati huohuo hufika, kwa kelele za kutosha kumwamsha aliyelala ili asikose, harufu kamili ya kaimati zinazoiva. Hupita mlango kwa mlango, ikabaki chini ya makuti kwa muda mrefu baada ya baiskeli kutoweka.

"Mwanangu Eliudi," Bibi Muzna alimwambia alipomwendea kumpa shikamoo, "mimi nafunga tangu kabla mama yako hajaolewa. Njaa naijua, tumezoeana. Lakini jana ulipopita nilijikuta nimesimama mlangoni na sahani."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekwisha kusamehe. Sahani ndiyo haijakusamehe."

Wengine hawakuwa na upole huo. Mtu mmoja alidai kwamba mwanawe alilia. Mwingine alidai kwamba yeye mwenyewe alilia. Uweso alisema hadharani kwamba ni dhuluma kwa Mkristo aliyeshiba kuwapitishia Waislamu karai mbele ya pua zao, na ingawa kila mtu alijua Uweso anataka nini, hilo halikuzuia tumbo la mtu yeyote kukubaliana naye.

Eliudi ni mtu wa kujirudi. Siku ya tatu aliacha mafuta ya nazi akarudia oili ya malori. Plagi ilijaa masizi kabla ya kufika Pongwe. Aliisukuma baiskeli maili nane kwenye tope, na adhana ya magharibi ilimkuta angali ndani ya mkonge. Bi Asmahani aliihesabu mikate mmoja mmoja gizani, akamshukuru, na Eliudi anasema afadhali angetukanwa.

"Hiyo moja nimekuachia," Bwana Marhun alimwambia kesho yake. "Ya pili sina pa kuiweka."

"Watu wa Pongwe wananilalamikia harufu, Bwana Marhun."

"Na watu wa kambi wananilalamikia mkate. Mimi nauza nini, Eliudi?"

"Mkate."

"Basi."

Njia ya kuizunguka Pongwe ipo, ndani ya mashamba, lakini masika yameifanya bwawa. Kubadilisha saa haikuwezekana, kwa kuwa tanuri lina saa zake na jua lina zake. Ikabaki njia ya tatu, iliyopendekezwa na Bibi Muzna kwa nia njema kabisa: kama harufu ni tatizo, ifunikwe na harufu. Alimwazima chetezo chake cha shaba na furushi la udi na ubani. Eliudi alikifunga chetezo nyuma ya kasha la mikate kwa waya, akakitia makaa, akapita.

Matokeo yake yanasimuliwa Pongwe na watu wasiokubaliana kuhusu jambo jingine lolote.

"Kabla ya hapo ilikuwa inanukia kaimati tu," asema Jumbe, akichagua maneno. "Siku ile ilinukia harusi. Watu walitoka nje kumtafuta bwana harusi."

Chetezo kilirudishwa kwa mwenyewe. Malalamiko yalipelekwa barazani, na baraza likakaa Jumatatu iliyopita mchana, Jumbe mbele, wazee wanne ubavuni, karani mezani, na nusu ya Pongwe dirishani. Eliudi alipewa kiti kwa sababu ya goti. Bibiana alisimama nyuma yake akiwa amevaa kama wa kwenda kanisani.

"Mimi sina chuki na mtu," alianza Uweso, jambo lililowafanya watu kusogea karibu zaidi. "Ninauliza tu. Mtu amefunga. Harufu ya chakula inamwingia puani kwa nguvu, bila ridhaa yake. Saumu yake iko wapi?"

Maalimu wa msikiti, aliyeitwa kutoa fatwa, hakuhitaji kufikiri. "Ipo palepale. Harufu haibatilishi saumu."

"Haibatilishi, maalimu, lakini inaitesa."

"Kuvumilia mateso kuna thawabu."

"Kumbe," alisema mzee mmoja wa baraza, ambaye mwanawe anaishi kambini, "basi Eliudi anatuongezea thawabu, na sisi tumemshitaki."

"Mlutheri atuongezee thawabu?" aliuliza mwingine.

"Kwa mafuta ya nazi," alisema wa kwanza. "Mwanangu anasema tangu aoe hajafuturu mofa ya moto ila mwaka huu. Mkimzuia huyu, nani atamwambia mwanangu? Mimi siendi."

"Mwanao yuko mbali na barabara," alisema mzee wa tatu. "Mimi nyumba yangu inatazama barabara. Jana nilimkaripia mke wangu kwa kupika mapema, na jiko lilikuwa halijawashwa."

Kicheko kilitoka dirishani. Jumbe aligonga meza, akamwambia Eliudi aseme.

Eliudi alisimama kwa shida na kushika mgongo wa kiti. Hakuwa na maneno mengi.

"Wazee wangu, mimi sifungi, lakini nabeba futari ya waliofunga, na nimeibeba miaka minane. Nikitia oili ya malori, mashine inakufa njiani. Nikiizima mashine ili nipite hapa kwa heshima, nitasukuma, mikate itapoa, na njia si yangu tena. Nikiitia mafuta ya nazi, nawaudhi majirani zangu, ambao ndio walionisukuma siku ile hadi ikawaka. Sina ya nne. Mkisema nipite, nitapita. Mkisema nisipite, nitafungua injini leo hii nikaketi kuziba pancha za watu. Naomba jibu moja tu, nijue."

Watu walitambua, karibu wote kwa pamoja, kwamba wanamwonea huruma na kwamba wana njaa. Hata Uweso alitazama chini. Kisha Jumbe na wazee wake walitoka uani kushauriana.

Wakati wanangojewa, Eliudi alieleza mipango yake kwa yeyote aliyetaka kusikiliza, na mkono wake ulikuwa ukichora hewani. Bwana Himyar, mfanyabiashara wa vipuri mjini, ameagiza oili nyepesi isiyo na masizi wala harufu ya jikoni. Inatarajiwa kufika baada ya Idi, yaani baada ya kuhitajika. Naye Eliudi ameona injini nyingine katika vyuma chakavu vya shamba lilelile. Akibaki na njia yake, anataka kuifunga kwenye chombo cha magurudumu matatu, kitakachobeba mikate mara tatu ya sasa na kufika hadi kambi mbili zaidi.

"Nimekwisha piga hesabu ya ukanda wake," alisema, na kwa muda alionekana kusahau mahali alipokuwa. "Utakuwa mrefu zaidi, lakini duara nitalifanya dogo, kwa hiyo kilimani itavuta kama punda. Unaona? Kama punda."

"Na hiyo itanukia nini?" aliuliza Bibiana.

"Pilau," sauti ya Uweso ilijibu kutoka mlangoni, na safari hii Eliudi alicheka pamoja na wengine.

Saa nane na nusu baraza lilirudi ndani. Eliudi alikuwa amekwisha kusimama, kofia kichwani, kwa kuwa tanuri la Bwana Marhun halingoji mtu. Jumbe alimwashiria karani, na karani akasoma uamuzi kwa sauti ya kufika barabarani:

"Baraza la Pongwe, baada ya kuzisikiliza pande zote na kupokea kauli ya maalimu, limeamua kwamba baiskeli ya Eliudi Shekigenda ina ruhusa kamili ya kupita katika barabara kuu siku zote za mwezi huu mtukufu, injini yake ikiwaka na mikate yake ikiwa moto. Harufu yake haina ruhusa."